Kibuyu Kilichooshwa kwa Dawa

Mikono ya Dresa ilinuka dawa. Ukimsalimu asubuhi sokoni Kiptere, ukanunua viazi vyako, ukarudi nyumbani, ukapika na ukala, bado ile harufu iko vidoleni inakungoja. Ilikuwa dawa ya kuoshea vidonda, ile kali inayogeuka nyeupe ikiingia majini. Alinawa nayo kabla ya kula, baada ya kula, kabla ya kusali, na mara moja, nilimwona kwa macho yangu, kabla ya kumpa mchungaji mkono. Baada ya kumpa mkono akanawa tena.

Kwa wasiojua, dresa ni yule mtu wa dispensari ya shamba la chai, anayefunga vidonda, anayedunga sindano, na anayeamua nani mgonjwa na nani mvivu. Sisi wachuma chai tulimwita Daktari akiwa mbele yetu, na Dresa akishatupa mgongo. Mimi nilikuwa mchumaji tu, Mkisii, nimekuja na mume wangu wakati Uhuru ungali mpya, tukapewa chumba kimoja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Nilimjua huyo mtu zaidi ya miaka kumi. Na nasema mapema ili usije ukanidhania mtakatifu: kuna kitu nilimwona akifanya, nikanyamaza, na mama mzee mmoja akabeba aibu yake. Hata leo nikikumbuka nashika kichwa.

"Choo kiko namna gani?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Wakipsigis wenzake walisema "Chamgei," sisi tukasema "Bwakire," yeye aliuliza choo. Umejikata na panga, damu inachuruzika, anauliza choo. Nyapara wetu alipofariki, mjane ameketi chini na shuka kichwani, Dresa aliinama, akamshika bega kwa huruma ya kweli kabisa, akamwuliza choo kiko namna gani. Wanawake tukaangaliana. Jamani! Hata kwenye matanga? Lakini mjane alimjibu, na kesho yake Dresa akampelekea dawa kwa miguu, mvua ya alasiri ikimnyeshea njia nzima.

Kwake yeye magonjwa yote yalianzia tumboni, na tumboni yaliletwa na vijidudu. Aliwachukia vijidudu kama mtu anavyomchukia jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. "Tumbo ni jikoni, Mama Kemunto," aliniambia. "Na jikoni kunafagiliwa. Hakuna mdudu hata mmoja anatakiwa abaki." Ufagio wake ulikuwa kapsuli za rangi mbili, nyekundu na njano, alizozitoa kwa kijiko kwenye mkebe mkubwa wa bati. Ukiharisha, kapsuli. Usipopata choo, kapsuli. Ukiwa mzima lakini unasafiri kwenda Bomet, kapsuli mbili za njiani.

Mimi nilizimeza nyingi, kwa sababu tumbo langu lilikuwa na vituko. Siku tatu limefunga kama mlango wa duka Jumapili. Siku ya nne niko katikati ya safu, kikapu mgongoni kimeshajaa nusu, mara linajikunja, linavimba, na sina budi kukimbia vichakani huku nyapara anapiga kelele. Nikirudi, wenzangu wanacheka chini kwa chini. Hakukuwa na damu wala homa wala minyoo, Dresa aliangalia. Nikikasirika linauma, nikiogopa linauma, siku ya kupima majani linauma zaidi. Kapsuli zilinituliza siku mbili, kisha likaja vibaya kuliko kwanza, nami nikarudi kuomba nyingine.

Kilichoniokoa hakikuwa zile kapsuli. Kilichoniokoa kilikuwa chiti. Kila mwezi Dresa aliniandikia chiti ya kazi nyepesi, nikakaa kwenye kibanda cha mzani nikichambua majani makuukuu, choo kikiwa hatua ishirini. Bila ile chiti ningeachishwa kazi, na ukiachishwa kazi chumba unarudisha. Mume wangu wakati huo alikuwa ameshaondoka, usiniulize alikwenda wapi. Kwa hiyo mimi na watoto wangu tulilala kwenye kile chumba kwa kalamu ya Dresa. Kumbuka hilo.

Bado alikuwa na namna zake. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, sikuzote. Tulidhani ni unyenyekevu. Choo cha nyuma ya dispensari kilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni chini ya shati kama wengine wanavyovaa msalaba. Tulidhani ni usafi. Mpaka siku moja, mvua imenipiga, nikazunguka nyuma kutafuta pa kujikinga, nikamkuta amechuchumaa ukutani, amekumbatia tumbo, jasho linamtoka kwenye baridi ya Kericho ile.

"Daktari! Na wewe?"

"Na mimi," akasema. "Usiambie mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu nisomee hii kazi." Akatia mkono mfukoni, akatoa kapsuli mbili, akazimeza bila maji. Alizimeza kama mtu anayekula njugu.

Yule aliyekuwa anatufagilia matumbo sisi wote, lake lilikuwa limemshinda! Kuanzia siku ile nilimwogopa kidogo na kumpenda kidogo. Aliniandikia chiti bila kuniuliza maswali, na mimi sikusema kwa mtu.

Usifikiri alikuwa mtu wa kujikinga tu. Kemunto wangu alizaliwa shambani, kati ya safu mbili za chai, nikiwa sijamaliza siku zangu. Alitoka wa bluu, kimya, pua imeziba. Dresa alikuja mbio na mkoba wake, akapiga magoti kwenye matope, na yule mtu aliyenawa kabla ya kumsalimu mchungaji akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mtoto wangu akavuta ule uchafu wote, akautema, akavuta tena. Mtoto akalia. Dresa akasimama, akasukutua kwa dawa mara tatu, akakimbilia choo chake cha kufuli. Huyo ndiye alikuwa Dresa.

Sasa nakuja kwenye kibuyu.

Kama hujakaa na Wakipsigis, hujui kibuyu ni nini kwao. Si chombo tu. Mama anachoma kijiti cha mti wanaouita senetwet, kinageuka kaa jekundu, anakitia ndani ya kibuyu, anasugua na kusugua mpaka ndani kote kumekuwa kweusi na kunanukia moshi. Halafu anatia maziwa, anafunga, anaweka kando siku kadhaa. Yakitoka yamelala vizuri, mazito, rangi ya kijivu kidogo, na vumbi la mkaa ndani yake. Hayo ndiyo mursik. Mgeni wa heshima hupewa hayo, na mgeni akiyakataa ameikataa nyumba. Sisi Wakisii pia tuna maziwa ya kibuyu, bila mkaa. Kwa hiyo mimi najua kibuyu hakioshwi kama sufuria. Kinasafishwa, ndiyo, lakini ile harufu yake ya ndani huiui. Mama yangu alinichapa kwa sababu hiyo nikiwa mdogo.

Dresa hakunywa. Mkipsigis mzima! "Najua ni tamu," alisema, "lakini mdudu haoni haya, anaingia hata kwa kitu tamu." Wenzake walimsamehe kwa sababu ya sindano.

Binti yake mkubwa alipopata mchumba wa upande wa Bomet, wazee wa bwana harusi wakapangiwa Jumamosi kuja kwa posa, nyumbani kwa Dresa, kwenye shamba lake dogo karibu na Kiptere. Mama mkwe wake akaja kutoka Mulot na kibuyu chake. Tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mwembamba, mrefu, mnusa ugoro, na jina lake kwa maziwa lilijulikana mpaka barabara ya Narok. Kukiwa na posa au tohara, waliitwa wanawake wengi, lakini kibuyu cha kufungua kilikuwa chake. Watu walisema ana mkono. Kile kibuyu alikuja nacho kimeshachomwa tayari, ndani kweusi, kimebaki kutiwa maziwa tu.

Wiki ile kulikuwa na kuhara kambini, na Dresa alikuwa hajalala vizuri kwa wasiwasi wa wageni.

Jumapili iliyotangulia, wanawake wa nyumba ile walikuwa kanisani. Mimi tumbo lilikuwa limenikamata, nikaenda dispensari kutafuta kapsuli. Nikasukuma mlango. Mungu wangu! Dresa amekunja mikono ya shati, na ndani ya beseni kubwa la kuoshea vidonda kimelala kibuyu cha mama mkwe wake.

Elewa nilichoona. Kwanza, mwanamume kushika kibuyu cha wanawake. Pili, cha mama mkwe, ambaye kwa mila yao hata machoni hamtazami. Tatu, lile beseni! Alikuwa anakisugua ndani kwa brashi ya kuoshea chupa, maji ya moto na dawa, anamwaga nje maji meusi tititi, anatia mengine. Alisugua mpaka maji yakatoka meupe. Halafu akakisuuza mara nyingi na kukikausha kwa mvuke wa jiko la kuchemshia sindano.

"Daktari," nikasema, "huo ni mkaa. Si uchafu."

"Najua ni mkaa. Mimi si mtoto. Lakini chini ya mkaa ndiko wamejificha." Alikuwa anatabasamu. Niamini, alikuwa na furaha ya mtu anayeandaa zawadi. "Wale wazee wanatoka mbali, Mama Kemunto. Mmoja akiugua kwangu, binti yangu ataolewa namna gani? Wataonja maziwa safi kwa mara ya kwanza katika maisha yao."

Akakausha mikono. Akaniandikia chiti yangu ya mwezi bila mimi kuomba, akanipa pamoja na kapsuli. Nikaikunja, nikaitia kifuani, nikaenda zangu.

Kogo alitia maziwa jioni ile, akafunga, akaweka pembeni. Shingo ya kibuyu ni nyembamba, ndani hakuonekani, na ugoro ulikuwa umeshamharibia pua. Siku sita nilipita kwenye ile nyumba kusaidia kuchambua mchele na kupasua kuni, na siku sita nilikiona kibuyu kimekaa pale kwenye kona. Mdomo wangu ulikuwa mzito. Nilijiambia, haya ni mambo ya Wakipsigis, mimi yananihusu nini?

Jumamosi wazee wakaketi. Maneno yakaenda vizuri. Kogo akaitwa, akatikisa kibuyu, akafungua mbele ya watu wote, akamimina kwenye kikombe cha kwanza. Maziwa yakatoka meupe pee. Meupe kama ya mkebe! Nilimwona Kogo akisimama kidogo, mkono hewani. Chumba kizima kiliona. Mzee mmoja akakohoa.

Kisha yule mama akasema kwa sauti ya kutosha, kwa Kiswahili, ili hata sisi wageni tusikie, "Mkono yangu imezeeka. Sikuchoma mti vizuri." Akanywa kikombe cha kwanza yeye mwenyewe mpaka mwisho, akafuta mdomo, akamimina cha pili.

Nani angekataa, kwenye posa? Wakanywa. Ladha iliwakunja nyuso, mimi niliona, lakini heshima ni heshima. Kabla chai haijaiva mzee wa kwanza alikuwa ameinuka kwa haraka. Wa pili hakufika chooni. Baada ya muda mfupi wazee wazima, na kofia zao na fimbo zao, walikuwa wametawanyika kwenye chai ya Dresa wakishikilia vichaka. Ilikuwa kichekesho na haikuwa kichekesho. Mmoja alibebwa mgongoni mpaka dispensari, na mle ndani, katikati ya matapishi na ndoo, Dresa alikuwa anagawa kapsuli.

"Nilisema!" akaniambia. "Si nilisema? Kibuyu ni nyumba ya vijidudu! Hata baada ya kusugua vile, bado walikuwemo. Sikusugua ya kutosha."

Alikuwa anaamini! Hakuna hata punje ya uongo usoni mwake. Na mimi niliyejua, nilishika ndoo nikaenda kumwaga.

Posa haikufa. Wazee walipona, wakapoa, wakarudi baada ya mavuno, wakanyweshwa chai. Binti akaolewa. Kilichokufa kilikuwa jina la Kogo. Hakuna aliyemtukana, hapana, watu wa huku ni wapole. Waliacha tu kumwita. Tohara ikaja, kibuyu kikafunguliwa na mama mwingine. Kwenye harusi ya mjukuu wake mwenyewe aliketi nyuma na wageni, mikono imelala mapajani, haina kazi. Mke wa Dresa aliniambia akilia kwamba huko Mulot watoto wa jirani wanakatazwa kunywa kwake. Nilimbembeleza. Nikamwambia pole, mama, ni uzee. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Miaka ikapita. Mimi niliacha chai, nikaanza kuuza ndizi Kiptere. Dresa naye akastaafu akapotea machoni, nikasikia yuko hospitali kubwa Nairobi, tumbo. Siku moja ya soko naona mzee amesimama mbele ya ndizi zangu, amekonda, koti limemzidi. Alinipa mkono. Nikaunusa, mazoea tu. Haukunuka kitu.

"Choo kiko namna gani?" nikamtania.

Hakucheka. Akaketi kwenye kreti. "Walinipima kila kitu," akasema. "Waliingiza mpira, wakapiga picha. Halafu daktari mmoja mzee akaniambia, huna mdudu, huna kidonda, una tumbo lenye hasira. Wako wengi kama wewe. Nikamwambia basi nipe kapsuli. Akaniuliza, umemeza ngapi maisha yako? Nikamwambia. Akashika kichwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanaishi humo, Mama Kemunto." Aligusa tumbo lake kwa kidole, polepole. "Vijidudu. Wengi kuliko majani ya chai ya Kericho yote. Si wageni, ni wenyeji. Tangu mtoto ananyonya wamo. Wanatusaidia na chakula, wanazuia wabaya wasikae. Na mimi nimewachinja miaka yote hiyo. Wangu na wenu." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Hakusema kapsuli ndizo zilizoleta ugonjwa. Alisema tu hazikunisaidia. Kisha nikamwuliza juu ya maziwa ya kibuyu. Akasema ni wao hao, ndio wanalaza maziwa, wanabaki kwenye kibuyu wakingoja maziwa mengine. Ukiwaua, mahali pao panaingia wabaya."

Wateja walikuwa wanapita, mimi siwaoni.

"Hapo ndipo nikaona lile beseni," akasema. "Nataka kwenda Mulot. Lakini peke yangu siwezi kumtazama yule mama. Twende na wewe. Wewe uliniona."

Tulikwenda. Kogo alikuwa hai, ameketi nje kwenye jua, mzee kweli kweli sasa. Dresa hakuketi. Alisimama akiangalia ardhi kama mila inavyotaka, akasema yote kwa Kipsigis, na mimi nilifuata kwa sababu miaka imenifundisha. Alisema beseni. Alisema dawa. Alisema, ni mimi niliyewaua wadudu wa maziwa yako, mama, mkono wako haukuwa na kosa.

Kogo alinusa ugoro wake taratibu, akapiga chafya.

"Nilijua," akasema.

Ala!

"Yalipotoka meupe nilijua. Mkaa niliusugua mwenyewe, ungekwenda wapi? Nani mwingine katika nyumba ile anaosha vitu?" Alisema bila ukali. "Ningesema pale, mbele ya wale wazee, kwamba baba ya bibi harusi ameshika kibuyu cha mama mkwe, wangeinuka na kwenda. Mtoto angebaki. Mimi nilikuwa nimeshazeeka, nikasema ni mimi. Sikujua yatawaumiza hivyo."

Dresa alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti, mtu mzima.

Kogo akamwacha alie. Kisha akanigeukia mimi, akabadilisha lugha akasema Kiswahili ili nisipate pa kujificha. "Huyu hakujua anafanya nini. Wewe, kwenu mko na kibuyu. Wewe ulijua. Mbona ulinyamaza?"

Nikaanza na Kemunto. Nikamweleza jinsi Dresa alivyomvuta mtoto wangu akapata pumzi, jinsi nilivyokuwa na deni la uhai kwake. Kogo alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akangoja, kama aliyejua kuna kingine nyuma yake.

"Niliogopa kunyimwa chiti," nikasema. "Ya kazi nyepesi. Alikuwa ameniandikia siku ile ile."

"Karatasi," akasema Kogo.

"Karatasi, mama."

Kogo aliingia ndani akishika ukuta, akakaa kidogo, akatoka na kile kibuyu. Ngozi ya kibuyu ilikuwa imepasuka kwa kukaa bure. Akaleta na kijiti cha senetwet, akakiweka motoni, akakingoja kikawa kaa. Akampa Dresa kibuyu akishike. Akanipa mimi kijiti.

"Sugueni," akasema. "Mimi sasa mkono yangu imezeeka kweli."

Tulisugua, yeye anashika, mimi nasukuma, moshi unatuingia machoni, mpaka vidole vyetu vikawa vyeusi. Kogo akachungulia shingoni, akanusa, akatikisa kichwa, akaturudishia. Tukasugua tena. Tulipomaliza alituaga, na Dresa, yule wa kunawa, akatembea mpaka barabarani ameshika mikono yake mbele. Kulikuwa na mtungi wa maji pale mlangoni. Tuliupita wote wawili.